Kwa nini timu iliyo mkiani humuuza mchezaji wake bora: hesabu za Chicago White Sox

Msimu wa 2024 Chicago White Sox walicheza mechi 162 na kupoteza 121. Tangu ligi kuu ya besiboli ya Marekani ichukue sura yake ya sasa mwaka 1901, hakuna timu nyingine iliyofungwa mechi nyingi hivyo ndani ya msimu mmoja. Walioishikilia rekodi hiyo ya aibu kabla yao, New York Mets wa 1962 na vipigo vyao 120, angalau walikuwa na udhuru: ule ulikuwa msimu wao wa kwanza kabisa. White Sox ni klabu kongwe, yenye ubingwa wa 2005, katika jiji la tatu kwa ukubwa nchini humo. Kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Agosti walifungwa mara 21 mfululizo, na siku mbili baada ya nuksi hiyo kukatika, kocha Pedro Grifol akafungashiwa virago.

Katikati ya balaa hilo alikuwepo mrushaji mmoja (yule anayemtupia mpigaji mpira) wa mkono wa kushoto, Garrett Crochet, ambaye hakuna timu isiyomtaka. Mashabiki wakagawanyika, na mgawanyiko wenyewe ni uleule unaozuka kila timu inapokuwa hoi. Kuna wanaouliza: ukimtoa huyu, unabaki na nini? Na kuna wanaojibu: ukibaki naye, unamfanyia nini? Ukiwasikiliza kwa makini utagundua hawabishani juu ya jambo moja. Wa kwanza wanazungumzia ubora wa mchezaji, wa pili wanazungumzia muda wake. Bei ya mchezaji sokoni hutokana na vyote viwili, ukijumlisha na mshahara wake. Lakini kwa timu iliyo mkiani, muda ndio huamua karibu kila kitu.

Hakuna ada ya uhamisho

Sisi tuliolelewa na soka huingia kwenye mada hii na picha isiyolingana nayo. Tumezoea klabu ipeleke ofa, ada ilipwe, mchezaji akubaliane maslahi binafsi, apimwe afya, kisha apigwe picha na jezi mpya. Huku timu hubadilishana watu kwa watu. Mkataba huhama ulivyo, mshahara uleule na miaka ileile, na mwenyewe haulizwi. Anaweza kuamka Chicago na kulala San Diego. Mwenye haki ya kugoma ni yule aliyewekewa kipengele hicho kwenye mkataba, au mkongwe aliyefikisha miaka 10 ya ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa ndani ya timu hiyohiyo. Fedha huingia pembeni tu, kwa mfano timu inayomtoa mchezaji ikikubali kubeba sehemu ya mshahara wake. Malipo yenyewe ni wachezaji, mara nyingi chipukizi wa ligi ndogo, zile za kukuzia wachezaji, ambao shabiki wa kawaida hajawahi hata kuwasikia.

Tofauti nyingine ni kwamba hakuna kushuka daraja. Timu iliyopoteza mechi 121 huanza msimu unaofuata katika ligi ileile, ikicheza na wapinzani walewale. Ndiyo maana mmiliki anaweza kuamua kwa makusudi kwamba miaka mitatu ijayo haina maana, auze kila kinachouzika, na asubiri. Ligi zetu zingemuadhibu mtu huyo mwaka wa kwanza tu.

Sasa tuje kwenye muda. Mchezaji akishapanda ligi kuu, timu yake humshikilia kwa miaka sita ya utumishi, na siku 172 kwenye kikosi huhesabiwa mwaka mmoja. Miaka mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000. Mitatu inayofuata mshahara hupanda kwa njia ya usuluhishi: pande mbili zikishindwa kuelewana, kila mmoja hutaja kiasi chake na jopo huchagua kimojawapo, bila kukutana katikati. Baada ya hapo mchezaji ni huru, na ndipo fedha za kutisha huanza. Juan Soto alipokuwa huru, Mets walimpa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765, Desemba 2024.

Kwa hiyo kila mchezaji mzuri aliye chini ya miaka sita ni bidhaa yenye tarehe ya mwisho. Julai 2024 Crochet alikuwa amebakiza nusu msimu huo, pamoja na 2025 na 2026. Kikosi cha Chicago kilivyokuwa, hakuna mtu mwenye akili timamu aliyetarajia kishindanie ubingwa kabla ya 2027. Wangemtumia miaka hiyo miwili ili wapoteze mechi 98 badala ya 103. Timu nyingine ingeitumia miaka hiyohiyo kutafuta kombe. Biashara huzaliwa hapo, kwenye mchezaji mmoja mwenye thamani mbili tofauti kutegemea amevaa jezi ya nani.

Ushindi unauzwa bei gani?

Wachambuzi wana kipimo kinachoitwa WAR. Kinakadiria mchezaji ameongeza ushindi kiasi gani kupita mbadala wa bei poa, yaani mtu ambaye timu yoyote ingeweza kumwita leo kutoka ligi ndogo na kumlipa kima cha chini. Tovuti mbili kubwa za takwimu, Baseball-Reference na FanGraphs, zimekubaliana kwamba timu iliyojaa mbadala watupu, bila hata mmoja wa maana, ingeshinda takriban mechi 48 kwa msimu. White Sox wa 2024 walishinda 41, tena Crochet akiwemo.

Kwenye soko la wachezaji huru, ushindi mmoja wa ziada hukadiriwa kugharimu kati ya dola milioni 8 na 10. Crochet mwaka ule, kwa hesabu ya FanGraphs, aliongeza kati ya 4 na 5, akalipwa dola 800,000. Tofauti kati ya anachozalisha na anacholipwa ndiyo ziada, na ziada ndiyo hasa inayonunuliwa timu zinapobadilishana wachezaji. Ndiyo maana nyota maarufu anayelipwa dola milioni 35 anaweza kukuletea chipukizi wawili wa kubahatisha, wakati kijana asiyejulikana mwenye miaka mitano mbele yake anakuwa haguswi.

Nina shaka moja na hesabu hii. Inachukulia kwamba ushindi wote ni sawa. Timu inayotoka mechi 41 hadi 45 haijapata chochote zaidi ya aibu kidogo kupungua. Inayotoka 86 hadi 90 huenda imeingia mtoano, imejaza uwanja Oktoba na imebadilisha maisha ya kocha wake. Ofisi za klabu zinalijua hilo vizuri. Watu wanaobishana kwa kulinganisha namba za WAR kama wanavyolinganisha mizani ya sokoni mara nyingi hulisahau.

Julai au Desemba

Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji mwaka 2024 ilikuwa Julai 30. Mantiki yote niliyoieleza ilisema Crochet aondoke. Hakuondoka, na wengi walimcheka meneja mkuu Chris Getz, aliyekuwa ofisini chini ya mwaka mmoja baada ya Rick Hahn na Ken Williams kutimuliwa Agosti 2023. Nadhani Getz alikuwa sahihi, na sababu zinafaa kuangaliwa kwa karibu.

Kila mwaka timu huchagua vijana wapya kwa zamu; Crochet alichaguliwa wa 11 mwaka 2020 kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee, akaingizwa ligi kuu mwaka huohuo kama mrushaji wa kuingia mwishoni mwa mechi. Aprili 2022 akafanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko, ule unaoitwa Tommy John. Hadi msimu wa 2024 unaanza, jumla ya awamu alizorusha ligi kuu zilikuwa 73. Mechi moja ina awamu tisa, na mrushaji wa kuanza hutegemewa avuke 150 kwa msimu. Mechi ya ufunguzi ya 2024 ilikuwa ya kwanza maishani mwake kuanza ligi kuu. Akawa moto, akaitwa kwenye kikosi cha nyota wote, na kufikia Julai alikuwa ameshavuka awamu 100. Chicago wakaanza kumpunguza, mara awamu nne, mara mbili.

Mnunuzi wa Julai anamtaka mtu wa kumrushia Oktoba. Alichokiona ni mkono uliotoka kwenye kisu, unaoingia eneo usilolijua, na juu yake ikaripotiwa kwamba mwenyewe angetaka mkataba mpya wa muda mrefu ndipo arushe kwenye mtoano. Ofa zikaja zimekatwa kwa sababu ya hofu hizo. Ukimuuza siku hiyo, unauza hofu ya mnunuzi badala ya kuuza mchezaji.

Kumbakiza nako kulikuwa kamari. Kiwiko kingeweza kukatika Agosti na thamani yote ikapeperuka. Hakikukatika. Alimaliza msimu na awamu 146, akiwa amewatoa wapigaji 209 kwa straiki, yaani bila wao kufanikiwa kuupiga mpira. Desemba 11 akaenda Boston Red Sox, na Chicago wakapata wanne: mdakaji Kyle Teel, aliyechaguliwa wa 14 mwaka 2023, Braden Montgomery, wa 12 mwaka 2024, Chase Meidroth wa ndani ya uwanja, na mrushaji Wikelman González. Chipukizi wawili wa daraja la juu na wawili wa kujaza nafasi, kwa mtu aliyebakiza miaka miwili tu.

Linganisha na walichokifanya siku moja kabla ya mwisho wa dirisha la Julai. Kwenye mpango wa timu tatu, walimtoa Erick Fedde, mrushaji aliyekuwa mchezaji bora (MVP) wa ligi ya Korea Kusini 2023 na aliyekuwa akicheza vizuri kwa mkataba wa dola milioni 15 wa miaka miwili. Wakamwongezea Tommy Pham na mrushaji Michael Kopech. Fedde na Pham wakaenda St. Louis, Kopech akaenda Los Angeles Dodgers. Chicago wakapokea Miguel Vargas na vijana wawili wa ligi ndogo. Vargas alipofika, katika kila majaribio kumi alipata pigo salama, lile linalomfikisha mpigaji kituoni, moja tu. Kopech, aliyekuwa akichapwa Chicago, akageuka moto Los Angeles na kunyanyua kombe Oktoba. Hata Tommy Edman, ambaye Dodgers walimpata kutoka St. Louis kwenye mpango huohuo akiwa bado hajacheza mechi hata moja mwaka huo kwa sababu ya upasuaji wa mkono, akawa mchezaji bora wa fainali ya National League, mojawapo ya nusu mbili za ligi kuu; nyingine ni American League.

Kelele zilikuwa nyingi. Lakini mwaka mmoja baadaye Fedde alikuwa ameachwa na St. Louis, Kopech alikuwa majeruhi muda mrefu, na Vargas alipiga homurani 16, yale mapigo ya kuvusha mpira nje ya uzio. Sisemi biashara ile ilikuwa nzuri. Nasema hukumu ya Oktoba na hukumu ya Julai iliyofuata zilikuwa mbili tofauti, na ya tatu bado inakuja.

Crochet je? Boston wakampa mkataba mpya wa miaka sita wa dola milioni 170 kabla hata hajamaliza mwezi wa kwanza wa msimu. Mwaka 2025 alishinda mechi 18, akafungwa 5, akawa wa pili kwenye kura za mrushaji bora wa American League. Mechi ya kwanza ya mtoano, ugenini kwa New York Yankees, alirusha awamu saba na ushei, akawatoa 11 kwa straiki na Boston wakashinda. Walichokilipia walikipata. Hilo halimfanyi Getz awe amepigwa, kwa sababu ushindi huo 18 usingepatikana Chicago, na dola milioni 170 zisingetoka kwa mmiliki Jerry Reinsdorf, ambaye klabu yake haijawahi kumpa mchezaji yeyote mkataba unaofika milioni 100.

Walishafanya hivi

Shabiki wa White Sox anayenuna hanuni kwa ujinga. Ameshaiona filamu hii. Desemba 2016 klabu ilimtoa Chris Sale, mrushaji wa mkono wa kushoto, mmoja wa bora kabisa waliokuwepo, kwenda Boston hiyohiyo. Ikapokea Yoán Moncada na Kopech na wengine wawili. Siku iliyofuata ikamtoa Adam Eaton na kupata Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning. Julai 2017 ikamtoa José Quintana kwa majirani Chicago Cubs na kupata Eloy Jiménez na Dylan Cease. Kwenye makaratasi ule ulikuwa mkusanyiko wa chipukizi ambao klabu nyingine zingeuonea wivu.

Matokeo? Mtoano wa 2020, wakatolewa raundi ya kwanza na Oakland. Ubingwa wa kundi lao 2021, wakatolewa na Houston. Basi. Mwaka 2023 walikuwa wamepoteza mechi 101. Sale alirusha straiki ya mwisho ya fainali ya 2018 akiwa Boston, Eaton akavaa pete ya ubingwa 2019 akiwa Washington.

Hapa ndipo mimi naona mjadala mzima wa nani auzwe hukosea njia. Kuuza ni sehemu rahisi. Nyota mwenye miaka miwili ya bei nafuu atapata wanunuzi hata kama meneja mkuu ni mvivu wa kupokea simu. Kazi ngumu ni kumfanya kijana wa miaka 21 awe mchezaji kamili, kumlinda asiumie, kumzungushia wenzake wa maana, na mwenye mali akubali kufungua mkoba kikosi kinapoiva. White Sox walishindwa hapo. Moncada na Jiménez walikaa hospitali kuliko uwanjani, na nafasi za pembeni zilijazwa kwa ubahili.

Cease anaonyesha mnyororo huu ulivyo mrefu. Alikuja 2017 kama chipukizi, akakomaa, na Machi 2024, miaka miwili ikibaki, akatolewa kwenda San Diego. Kati ya waliokuja badala yake alikuwemo mrushaji Drew Thorpe, ambaye miezi mitatu kabla alikuwa ametoka Yankees kwenda San Diego kwenye biashara ya Juan Soto. Julai 25, 2024 Cease aliwanyima Washington pigo salama mechi nzima. Thorpe alianza mechi tisa Chicago, na Machi 2025 akafanyiwa upasuaji uleule wa Tommy John.

Na ipo hadithi ya upande wa pili, ya timu mbovu inayojiona nzuri. Juni 2016 White Sox walidhani wanahitaji mrushaji mkongwe ili wafuzu, wakamchukua James Shields kutoka San Diego. Shields akachapwa, msimu ukaisha kwa ushindi 78 na vipigo 84. Mmoja wa waliotolewa alikuwa kijana wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya kulipwa: Fernando Tatis Jr., aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa San Diego.

Kosa ambalo siwezi kuwatetea nalo ni Luis Robert Jr. Mwaka 2023 alipiga homurani 38, na mkataba wake ulikuwa wa bei nafuu wenye uwezekano wa kumshikilia hadi 2027. Miaka minne na ziada tele: hakuna bidhaa safi kuliko hiyo. Hawakumuuza. Mwaka 2024 akaumia nyonga mapema na kumaliza na homurani 14, mwaka 2025 akarudia 14 zilezile, na kila Julai klabu ikasubiri bei ya 2023 irudi. Novemba 2025 wakatumia haki yao ya kumlipa dola milioni 20 kwa msimu mmoja zaidi, na Januari 2026 wakamtoa kwenda Mets kwa Luisangel Acuña na mrushaji mmoja wa ligi ndogo. Crochet aliwafundisha kungoja kunalipa. Robert alikuwa mchezaji wa aina nyingine, mwenye historia ya majeraha, na kila mwezi wa kungoja ulikuwa unakata bei yake.

Hata faraja ya kupoteza siku hizi haina uhakika. Zamani timu ya mwisho ilipewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana. Sasa nafasi za juu hupigiwa bahati nasibu, na klabu ya jiji tajiri hairuhusiwi kuchota humo miaka miwili mfululizo. White Sox walikuwa wamechagua wa tano 2024, kwa hiyo baada ya vipigo 121 wakasogezwa hadi nafasi ya 10. Walipoteza 102 mwaka 2025, mwaka ambao Papa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago na shabiki wao wa kweli, alichaguliwa. Sala nazo zina mipaka. Desemba ile bahati nasibu ikawapa nafasi ya kwanza ya 2026.

Teel alipanda ligi kuu Juni 2025, na timu inamshikilia hadi mwisho wa 2031. Wakati huohuo klabu imemsajili Munetaka Murakami, aliyewahi kupiga homurani 56 Japani mwaka 2022, kwa miaka miwili tu na dola milioni 34. Mkataba wake unaisha 2027, na aliposajiliwa ni wachache waliowaona White Sox wakishindania kombe kabla ya hapo. Akipiga vizuri, simu ya Getz itaanza kuita wiki za mwisho za Julai, na swali la kwanza la mpiga simu halitakuwa Murakami ni mzuri kiasi gani, bali amebakiza miezi mingapi.